Powell wa Harlem: Mbunge aliyeingia eneo bunge lake Jumapili tu

Katikati ya miaka ya 1960 kulikuwa na mbunge Marekani ambaye hakuthubutu kukanyaga eneo bunge lake ila siku ya Jumapili. Siku sita zilizobaki angetiwa mbaroni. Sheria ya New York wakati huo haikuruhusu mtu kukamatwa Jumapili kwa hati ya kesi ya madai, na Adam Clayton Powell aliijua sheria hiyo kama mvuvi ajuavyo maji kujaa na kupwa. Aliingia Harlem asubuhi, akapanda mimbari ya kanisa lake, akahubiri, akapeana mikono na watu wake, na kabla siku haijageuka alikuwa keshaondoka.

Usimdhanie kuwa alikuwa mbunge wa kukaa viti vya nyuma. Mtu huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Elimu na Kazi ya Bunge la Wawakilishi mjini Washington. Mishahara ya chini ya wafanyakazi, fedha za shule na mipango ya kupambana na umaskini, yote yalipitia mezani kwake. Hapakuwa na mtu mweusi mwenye nguvu kumshinda katika bunge lile, wala hapakuwahi kuwa naye kabla yake.

Nimeamua kumwandika kwa sababu barazani kwetu, mazungumzo yakifika kwa wabunge na mali ya umma, watu hugawanyika pande mbili, na kahawa hupoa vikombeni. Upande mmoja husema fulani ni mwizi na hapana zaidi. Wa pili husema mwizi au si mwizi, yeye ndiye aliyetujengea. Powell alikuwa yote mawili. Na kwa kuwa mambo yake yalichunguzwa na kamati mbili za bunge na mahakama kadhaa, ikiwemo ile kuu kabisa, hesabu zake zimeandikwa wazi kuliko za wengi. Tunaweza kuzipitia bila kubahatisha.

Alizaliwa tarehe 29 Novemba 1908 huko New Haven, jimbo la Connecticut. Babake, aliyeitwa kwa jina hilo hilo, alikuwa mchungaji, na mwaka huo huo alipewa kanisa la Abyssinian Baptist mjini New York. Jina la kanisa lenyewe lina kisa. Masimulizi yao yasema lilianzishwa mwaka 1808 na watu weusi, wakiwemo wafanyabiashara Wahabeshi, waliokataa kuketishwa kando kwa ajili ya rangi yao katika kanisa la wazungu. Wakatoka, wakaanzisha la kwao. Mwaka 1923 kanisa lilihamia jengo kubwa huko Harlem, na likawa miongoni mwa makanisa yenye waumini wengi kabisa nchini humo.

Kijana Powell alikuwa mweupe wa ngozi, nywele za singa, kiasi kwamba alipokuwa chuo cha Colgate wenzake walimdhania mzungu naye akawaachia dhana hiyo, mpaka ukweli ulipofichuka na marafiki wakamgeuka. Simlaumu sana kijana wa miaka 18 katika nchi ile na zama zile. Lakini naona hapo ndipo alipojifunza mambo mawili yaliyomfuata maisha yake yote: kwamba kanuni za wenye nguvu ni mchezo, na kwamba mtu mwerevu aweza kuzizunguka.

Alimaliza Colgate mwaka 1930, na mwaka 1937 akamrithi babake kanisani. Miaka hiyo Harlem ilikuwa na dhiki. Maduka ya mtaa wa 125 yaliishi kwa pesa za wateja weusi lakini hayakuwaajiri weusi ila kufagia. Powell na wenzake walisimama mbele ya maduka hayo na mabango, wakawaambia watu wasinunue mahali wasipoweza kupata kazi. Mwaka 1941 wakasusia mabasi, na kampuni zikakubali kuajiri madereva na makanika weusi. Huo ni mwaka 1941, miaka 14 kabla ya ule mgomo wa mabasi wa Montgomery uliomtoa Martin Luther King. Mwaka huo huo watu walimchagua Powell katika Baraza la Jiji la New York, mweusi wa kwanza kuingia humo. Mwaka 1944 wakampeleka Washington.

Alipoapishwa Januari 1945, wabunge weusi katika bunge zima walikuwa wawili: yeye na William Dawson wa Chicago. Mji wa Washington wenyewe ulikuwa wa ubaguzi mtupu. Mkahawa wa bunge, kinyozi wa bunge, hata nafasi za waandishi wa habari, zote zilikuwa za wazungu. Hapakuwa na sheria iliyomkataza mbunge mweusi; ilikuwa desturi tu, na Dawson aliipita kimyakimya. Powell hakuwa mtu wa kimya. Alichukua wafanyakazi wake weusi na wageni kutoka Harlem, akaingia nao mkahawani na kuagiza chakula. Akarudi kesho yake. Wabunge wa kusini walikasirika, lakini hawakuwa na kifungu cha kumtoa.

Halafu akabuni lile lililojulikana kama rekebisho la Powell. Kila mswada wa kutoa fedha za serikali ulipoletwa, ukiwa wa shule, nyumba au hospitali, alisimama na kipengele kimoja: fedha hizi zisipewe mahali panapobagua. Hata marafiki zake walichoka naye, kwa sababu wabunge wa kusini waliposikia kipengele hicho waliua mswada mzima, na watoto wakakosa madarasa. Wako waliosema Powell ataka sifa kuliko shule. Yeye hakuacha. Mwaka 1964, wazo hilo hilo likaingia ndani ya Sheria ya Haki za Raia, na likawa ndilo fimbo iliyozilazimisha shule na hospitali za kusini kufungua milango. Hapo nampa haki yake yote.

Mwaka 1955 alikwenda Bandung, Indonesia, kwenye mkutano wa nchi 29 za Asia na Afrika, bila baraka ya serikali yake ambayo haikutaka aende. Alipofika huko akaitetea Marekani mbele ya waandishi wa habari hata wenyeji wakashangaa, na alirudi nyumbani akipigiwa makofi na wale wale waliomkataza. Ndivyo alivyokuwa. Ukimtarajia kulia, yuko kushoto.

Sasa tuje kwenye uenyekiti. Wakati ule bunge la Marekani liligawa uenyekiti wa kamati kwa umri wa utumishi. Aliyekaa miaka mingi zaidi kwenye kamati, kutoka chama chenye wingi, ndiye aliyekalia kiti. Mpango huo uliwafaa sana wazungu wa kusini, ambao walirudishwa bungeni kila uchaguzi bila mpinzani wa maana kwa kuwa weusi wa kwao walinyimwa kura. Graham Barden wa North Carolina aliiongoza Kamati ya Elimu na Kazi kwa miaka, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia miswada. Alipostaafu, ngazi ile ile iliyowapandisha wabaguzi ikampandisha Powell. Ilikuwa Januari 1961.

Miaka sita iliyofuata ni ya ajabu. Kiwango cha chini cha mshahara kilipandishwa kutoka dola 1 kwa saa hadi dola 1.25. Ikaja sheria ya mafunzo kwa waliopoteza kazi mwaka 1962, sheria ya mshahara sawa kwa wanawake na wanaume mwaka 1963, sheria ya vita dhidi ya umaskini mwaka 1964. Mwaka 1965 zikaja mbili kubwa za elimu: moja ya shule za msingi na sekondari, nyingine ya vyuo vikuu. Rais Lyndon Johnson, katika barua ya kumpongeza kwa kutimiza miaka mitano katika kiti, alihesabu sheria 49 zilizotoka kwenye kamati hiyo. Mamilioni ya watoto, weusi kwa weupe, walikula shuleni, walisoma na kupata mikopo ya chuo kwa sheria zilizopita kwenye meza ya mhubiri wa Harlem.

Hiyo ni hesabu ya kwanza. Ya pili inaanza mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Miaka ya 1950 wakaguzi wa kodi walikuwa tayari wako mlangoni kwake. Mmoja wa makatibu wake alipatikana na hatia katika kesi ya kodi. Mwaka 1956 Powell, mbunge wa chama cha Democrats, ghafla alimuunga mkono Rais Eisenhower wa Republicans, na maadui zake wakasema anatafuta kujiokoa na serikali. Kama ndivyo, haikumfaa kitu. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kukwepa kodi, kwa hesabu zake na za mkewe wa pili, Hazel Scott, mpiga piano mashuhuri aliyezaliwa Trinidad. Kesi ilisikizwa mwaka 1960. Hakimu alifuta sehemu kubwa ya mashtaka, na kwa lile lililobaki wazee wa baraza hawakuafikiana. Serikali ikaiacha. Powell akatoka huru, na nadhani alitoka pia na imani kwamba hakuna kinachomshika.

Mwaka huo huo wa 1960 ndipo alipofanya jambo ambalo mimi naliona baya kuliko yote, baya kuliko tikiti za ndege na mishahara hewa. Alikuwa akihutubu bungeni kuhusu kamari haramu ya Harlem na polisi wanaokula hongo ya kamari hiyo, na alitaja majina. Humo ndani alikuwa na kinga, kama walivyo nayo wabunge wetu. Kisha akaenda kwenye televisheni, mahali pasipo na kinga, akamtaja mama mmoja mjane wa Harlem, mwenye miaka 60 na kitu, kuwa ndiye mkusanyaji wa hongo za polisi. Yule mama alimshtaki. Mwaka 1963 mahakama ikampa mama dola 211,500, ambazo baadaye zilipunguzwa hadi dola 46,500.

Pesa hizo Powell angeweza kuzilipa. Angeweza pia kuomba radhi. Hakufanya hili wala lile. Alipuuza wito mmoja baada ya mwingine, akadai kinga ya ubunge, na mali ya Puerto Rico ikahamishwa hata mahakama ikasema imefichwa ili mama asipate haki yake. Hapo ndipo palipotoka zile Jumapili. Tukumbuke aliyekuwa akikimbiwa ni nani. Hakuwa seneta wa Mississippi wala mbaguzi. Alikuwa mpiga kura mweusi, mjane wa Harlem ile ile ambayo Powell alisema anaipigania. Mwishoni mwa 1966 dharau yake kwa mahakama ikageuka kuwa kosa la jinai, na hata mlango wa Jumapili ukafungwa.

Na fedha za umma? Agosti 1962 alisafiri Ulaya kwa wiki kadhaa pamoja na wafanyakazi wawili wa kike, kwa gharama za serikali. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kuchunguza ajira za wanawake katika nchi za Ulaya. Walipita London, Paris, Vienna, Roma na Athens. Uchunguzi ukifanyika zaidi kwenye kumbi za starehe, magazeti hayawezi kulala, nayo hayakulala.

Kamati ndogo ya bunge iliyoongozwa na Wayne Hays wa Ohio ilifungua vitabu mwishoni mwa 1966. Walikuta safari za ndege zilizolipwa na kamati, zimeandikwa kwa majina ya wafanyakazi ambao hawakupanda ndege hizo. Walimkuta mke wa tatu wa Powell kwenye orodha ya mishahara ya ofisi yake, akilipwa dola 20,578 kwa mwaka ilhali anakaa Puerto Rico, na kanuni ilitaka mfanyakazi wa mbunge afanye kazi Washington au jimboni kwa mbunge. Kwa kulinganisha, mbunge mwenyewe wakati huo alilipwa dola 30,000. Mfanyakazi hewa wa namna hii sisi hatuhitaji kuelezwa ni nini.

Utetezi wa Powell ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: nafanya wafanyavyo wenzangu, na nitafanya kiasi kile kile. Na hakuwa akidanganya. Wabunge wazungu walikuwa na wake zao na jamaa zao kwenye mishahara. Wenyeviti wengine walizunguka dunia kwa kodi ya wananchi na hakuna aliyewahesabia usiku wao wa Paris. Huyo Wayne Hays aliyemchunguza alijiuzulu ubunge mwaka 1976, baada ya kufichuka kwamba alikuwa na mwanamke wake kwenye mishahara ya bunge, katibu ambaye mwenyewe alikiri hajui kupiga taipu. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amekalia kiti cha kuangalia ya wengine.

Mfano wa pili ni Thomas Dodd, seneta mzungu wa Connecticut, jimbo alilozaliwa Powell. Mwaka 1967, miezi michache tu baada ya sakata la Powell, Baraza la Seneti lilimkuta Dodd ametumia kwa mambo yake binafsi zaidi ya dola 116,000 za michango ya siasa. Walimkaripia kwa kura 92 kwa 5. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akakaa mpaka muda wake ulipokwisha.

Powell hakukaripiwa. Tarehe 9 Januari 1967 chama chake kilimvua uenyekiti. Kesho yake bunge likakataa kumwapisha hadi achunguzwe. Kamati maalum ya wabunge tisa chini ya Emanuel Celler wa New York ilimwita. Alikwenda na mawakili wake, akajibu maswali matatu tu: ana umri gani, ni raia au si raia, anaishi wapi. Mengine yote alikataa. Ilionekana kiburi wakati ule. Baadaye ikaonekana kuwa ndio mshale uliokwenda mbali kuliko yote.

Kamati ilisema amepotosha fedha za bunge na amedharau mahakama za New York. Hata hivyo ilishauri aapishwe, akaripiwe mbele ya wenzake, atozwe dola 40,000 na apoteze umri wake wa utumishi. Adhabu nzito, lakini yenye kipimo. Tarehe 1 Machi 1967 bunge likaikataa, likaamua kumfungia mlango kabisa, kwa kura 307 dhidi ya 116. Barua zilikuwa zimemiminika kutoka pembe zote za nchi, na nyingi, wabunge wenyewe walijua, hazikuhusu tikiti za ndege. Mkuki kwa nguruwe.

Kura ya marudio Harlem ilifanyika Aprili mwaka huo. Powell hakufanya kampeni. Hakuweza kuingia New York bila kukamatwa. Alikuwa Bimini, kisiwa kidogo cha Bahama, kilomita 80 hivi kutoka Florida, akivua samaki na kucheza domino. (Bimini ndiko Ernest Hemingway alikokuwa akivua miaka ya 1930, mtu huyo huyo aliyevua Malindi mwaka 1934 na kwetu Shimoni mwaka 1954.) Watu wa Harlem walimpa kura 86 kwa kila 100. Naielewa kura ile. Mtu mweusi wa Harlem alipoona bunge zima limeinuka dhidi ya mbunge wake mmoja, hakupiga kura kuhusu hesabu za ndege. Alipiga kura kuhusu nani ana haki ya kumchagulia.

Ila hapa ndipo ninapoachana na wale wanaomfanya Powell shahidi asiye na doa. Baada ya kura ile, hakurudi kudai kiti. Alibaki Bimini. Harlem, mtaa wenye njaa ya sauti kuliko mitaa yote, ilikaa bila mbunge bungeni kwa miaka miwili, 1967 na 1968, miaka ambayo miji ya Marekani iliwaka moto na Martin Luther King akauawa. Lawama ya nusu ni ya bunge. Nusu nyingine siwezi kumwondolea mwenyewe.

Mawakili wake, lakini, hawakulala. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 16 Juni 1969 Jaji Mkuu Earl Warren, siku chache kabla ya kustaafu, alisoma hukumu ya majaji saba dhidi ya mmoja. Katiba, walisema, imetaja masharti matatu ya kuwa mbunge: umri wa miaka 25, uraia wa miaka saba, na kuishi katika jimbo. Aliyechaguliwa na wananchi akitimiza hayo, bunge halina ruhusa ya kumfungia mlango kwa kuongeza masharti yake. Wakitaka kumtoa, wamwapishe kwanza, kisha wamfukuze kwa theluthi mbili ya kura. Ukipiga hesabu utaona zile kura 307 zilizidi theluthi mbili, na serikali ya bunge ilisema hivyo. Mahakama ikajibu kwamba kufungia mlango ni jambo moja na kufukuza ni jingine. Aliyepiga kura ya kwanza hatujui angepigaje ya pili. Na maswali matatu aliyokubali Powell kuyajibu mbele ya kamati ya Celler yalikuwa ndiyo hayo hayo matatu ya Katiba.

Wakati hukumu ikitoka alikuwa ameshachaguliwa tena na kuapishwa, Januari 1969, baada ya kukubali faini ya dola 25,000 iliyokatwa kwenye mshahara wake mwezi kwa mwezi. Uenyekiti haukurudi. Umri wa utumishi wa miaka 22 ulifutwa, akaanza upya kama mgeni. Na ugonjwa wa saratani ulikuwa umeingia. Alionekana bungeni kwa nadra, na Harlem kwa nadra zaidi.

Hapa kwetu Kifungu cha 103 cha Katiba ya 2010 kinasema mbunge akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na bila sababu ya kuridhisha, kiti chake huwa wazi. Nikikisoma humkumbuka Powell wa miaka ile ya mwisho. Kwa kipimo hicho angekwenda nyumbani mapema, na hakuna ambaye angehitaji kuzungumzia tikiti wala mke.

Kilichomwangusha hatimaye hakikuwa kamati wala jaji. Juni 1970 katika mchujo wa Democrats walisimama watano. Mipaka ya eneo bunge ilikuwa imebadilishwa, ikaingiza wapiga kura wa upande wa magharibi wa Manhattan ambao hawakuwa na deni naye. Lakini hata mitaani mwake watu walikuwa wameanza kuuliza yuko wapi. Wakili mmoja kijana wa Harlem, Charles Rangel, alikuwa amekwenda hadi Bimini kumwomba arudi afanye kazi, akarudi mikono mitupu, akaamua kugombea yeye. Alimshinda Powell kwa kura 150 hivi. Watu waliomsamehe kesi ya kodi, safari ya Ulaya, mishahara ya Puerto Rico na hata yule mjane, hawakumsamehe kutokuwepo. Nami naona walikuwa na kipimo chao, si kibaya, ingawa ningependa yule mama angekuwa amehesabiwa kabla.

Adam Clayton Powell alifariki Miami tarehe 4 Aprili 1972, akiwa na miaka 63. Majivu yake yalimwagwa kutoka angani juu ya bahari ya Bimini. Barabara ya Seventh Avenue inayopita katikati ya Harlem sasa yaitwa kwa jina lake, na kwenye mtaa wa 125, mtaa wa maduka yale aliyoyasusia akiwa kijana, jengo kubwa la serikali lina jina lake na sanamu yake mbele, anapanda kilima huku koti limepeperuka nyuma.

Rangel alikaa bungeni miaka 46. Alipanda hadi uenyekiti wa kamati ya kodi na fedha, na mwaka 2010 naye akajikuta mbele ya kamati ya maadili, kamati ambayo bunge liliiunda Aprili 1967 kwa sababu ya Powell. Walimkuta na makosa 11, miongoni mwayo kutotangaza pato la kodi ya nyumba yake ya ufukweni katika Jamhuri ya Dominika. Septemba mwaka huo, mchujo ulipofika, mmoja wa waliojitokeza kumpinga alikuwa mtoto wa kiume wa Powell, mwenye jina lile lile la babake. Harlem ikamchagua Rangel. Tarehe 2 Desemba 2010 bunge likamkaripia kwa kura 333 dhidi ya 79, akasimama mbele ya Spika kusomewa karipio lake, kisha akarudi kitini, na alikaa hapo mpaka Januari 2017.